Kuhusu zile picha za theluji

Mdogo wangu, ujumbe wako kwenye kundi la familia nimeusoma mara nne. Umeandika kwamba mimi yaya wako, yaani mkubwa wako, huku Briançon, mji wa milimani Ufaransa, ni sherehe tu: leo kwaya, kesho kufinyanga vyungu, Jumamosi kutembea kwenye theluji akicheka na wazungu. Mama mkubwa akaongeza kwamba mwenye nafasi ya kufinyanga vyungu hawezi kukosa dola mia mbili za kodi ya nyumba. Nilikasirika, sifichi. Kisha nikaona haya, maana picha nilizituma mwenyewe.

Basi sikia. Anayeomba hifadhi Ufaransa haruhusiwi kufanya kazi miezi sita ya kwanza, na ikiisha, ruhusa inaombwa, haiji yenyewe. Mimi niliyezoea kuchomelea milango pale Birere, mtaa wa kwetu Goma, tangu asubuhi hadi giza, nakaa. Na unajua nikikaa nawaza nini. Kwa hiyo popote palipobandikwa tangazo la kitu cha bure, naenda. Darasa la Kifaransa naenda, ingawa Kifaransa tulichapiwa fimbo shuleni hadi kikaingia. Namsaidia Mwafghani mmoja kujaza fomu zake. Alhamisi kuna supu ya pamoja. Jumamosi kuna karakana ambako watu huleta baiskeli na pasi zilizoharibika, tunazitengeneza bila malipo, na hapo ndipo mikono yangu inakumbuka ni mikono ya nani. Mji wenyewe ni mdogo, wenyeji wanajivunia kuishi juu, mita 1,326. Nikiwaambia maji ya Ziwa Kivu yako mita 1,460, wananiangalia kama naongopa.

Sasa pesa, kwa sababu ndilo swali lenu hasa. Napewa yuro 6.80 kwa siku. Inawekwa kwenye kadi, na kadi hiyo haitoi noti: unalipia dukani, basi. Noti haipo, senti haipo. Sasa zile yuro arobaini za Desemba zilitoka wapi? Kuna mama mmoja wa kwaya, mtu mzima, anatembea kwa fimbo. Anajaza kikapu chake dukani, mimi nasimama nyuma yake, tukifika pa kulipia natoa kadi yangu. Nje, karibu na gari lake, ananihesabia noti mkononi. Mara ya kwanza binti wa pale alimwuliza kama ananifahamu. Yule mama akajibu kwa sauti, "Ni rafiki yangu." Nikabeba mfuko huku nikitazama chini. Nikishatuma, namaliza mwezi kwa wali na supu ya Alhamisi. Ndiyo maana Alhamisi sikosi.

Picha ile ninayocheka imepigwa mapema Januari 2025. Tarehe 27, Goma ilipoingiwa na waasi wa M23, nilikuwa mazoezini, simu zenu hazipiti, umeme na maji kwenu vimekatika, na mimi nimeshika karatasi ya wimbo wa masika. Alhamisi yake wakaniomba nisimame nieleze Goma kuna nini. Wana moyo mzuri, walitaka kujua. Nilisimama, nikaeleza habari za chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, jinsi inavyobeba magunia saba ya makaa ikiteremka kutoka Kibumba. Zaidi ya hapo mdomo ulikataa. Nilikuwa sijajua kama mama yuko hai.

Kwa hiyo usije. Nakuambia kama mtu niliyekubeba mgongoni: usiuze kiwanja cha Ndosho, usimpe mtu dola zako akuonyeshe njia. Na kama utanipuuza, kama nilivyompuuza baba, basi ule mlima wa mpakani kutoka upande wa Italia usiupande usiku. Vaa soksi za sufu, si za pamba. Watu wamepoteza vidole pale, wengine hawakushuka. Beba cheti cha kuzaliwa na diploma yako, vifunge kwenye plastiki. Ukifika, usijifungie chumbani. Nenda kwenye madarasa yao, hata usipoyahitaji. Imba hata nyimbo usizozielewa. Bila watu hao ningeshapotea akili.

Lakini usije. Malizia ufundi wako wa umeme. Goma itahitaji mafundi umeme.

Na picha sitaacha kutuma, mama mkubwa, samahani. Mama aliniambia akiziona analala. Nikimtumia picha ya kadi, atalala vipi?

Jumamosi hii yule mama wa kwaya anawapikia wajukuu, kikapu kitakuwa kikubwa, nadhani tutafika yuro hamsini. Benki za Goma bado zimefungwa, kwa hiyo nitatuma kwa yule binamu aliye Gisenyi, upande wa Rwanda, wewe uvuke mpaka pale Petite Barrière mapema kabla foleni haijawa ndefu. Wakala asikukate zaidi ya mara ile. Akikataa, nenda kwa mwingine. Kwanza dawa za presha za mama, za mwezi mzima, usinunue nusu. Kinachobaki mpe mwenye nyumba. Mama akiuliza, mwambie nimeanza kazi.