Siku mbili Mombasa na watoto

Dada, umeuliza kama siku mbili zinatosha Mombasa na watoto wawili. Zinatosha, mradi usizimalizie hotelini.

Asubuhi anzieni Mji wa Kale kwa mahamri na mbaazi za nazi, kisha mwingie ngome ya Fort Jesus kabla jua halijakaza. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Watoto watang'ang'ania mizinga. Mkitoka, tembeeni Ndia Kuu mtazame milango ya nakshi. Zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue piga picha upite tu.

Jioni usiikose Mama Ngina, bustani iliyo kando ya bahari. Mnakaa chini ya mibuyu, meli zinapita karibu kuelekea bandari ya Kilindini. Agiza mihogo ya kukaanga: muuzaji huipasua katikati ikiwa ya moto, akaisugua ndimu na pilipili ya unga. Ya watoto mwambie asitie pilipili mapema, maana mkono wake mwepesi! Shushia dafu, na mwambie akukwangulie nyama yake.

Kesho yake nendeni Haller Park, hifadhi ya wanyama iliyoko Bamburi, watoto walishe twiga. Pwani nendeni baadaye, ila ulizeni kwanza maji yanajaa saa ngapi. Yakipwa mtaogelea magotini.