Pawa saplai iliyokuja na kasha: 600W ziko wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mafinga, nina 1,600,000 ya kujengea kompyuta ya kuchezea gemu za mpira na za vita. Monita ya 1080p ninayo tayari. Fundi wa hapa ameniambia ninunue prosesa ya Core i7 ya mtumba, hela nyingi iende kwenye kadi ya grafiki, na pawa saplai, yaani kifaa cha kugawia umeme ndani ya kompyuta, nitumie ile inayokuja na kasha, maana imeandikwa 600W. Anasema kwa baridi ya huku hata feni za ziada sihitaji. Mpangilio huu uko sawa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwenye kadi fundi wako hajakosea. Gemu inaegemea kadi kuliko kitu kingine chochote, na kwa monita ya 1080p kadi kama RX 6600 yenye 8GB inakutosha vizuri. Itengee theluthi moja ya hela yako au zaidi kidogo, usivuke hapo sana.

Kwenye i7 amekupoteza. Kwa mfano, Core i7-2600 ilitoka 2011, Core i3-12100F ikatoka 2022. Zote zina kori 4 (vitengo vya kuchakata) na thredi 8 (kazi zinazoshikwa kwa pamoja), lakini kwenye gemu hiyo i3 inaiacha i7 mbali. Angalia kizazi cha prosesa kabla ya kuangalia jina lake. Halafu i7 nyingi za mtumba zinakuja ndani ya mashine za maofisini, kama Dell OptiPlex, ambazo pawa saplai yake ni ndogo na mara nyingi plagi zake haziingiliani na za kawaida. Chukua i3 hiyo, ukijua kwamba herufi F maana yake haina grafiki ya ndani, kwa hiyo bila kadi hupati picha. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, nunua vijiti viwili vya 8GB, usinunue kimoja cha 16GB. Diski anza na SSD ya 500GB, nyingine utaongeza baadaye.

Sasa pawa saplai, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize.

Mashine za namna hii naletewa kila mara, kutoka Tunduma, Chunya, Makambako, na malalamiko ni yale yale. Kwenye kazi za kawaida inatulia. Ukifungua gemu, dakika chache inazima yenyewe au inajiwasha upya. Mwenyewe ameshapiga Windows upya, ameshabadilisha RAM, na kuna fundi kamwambia kadi imekufa, akamuuzia nyingine. Nikifungua kasha nakuta pawa saplai nyepesi kama boksi la kiberiti, na ubavuni imeandikwa 600W kwa maandishi makubwa.

Achana na hayo maandishi makubwa, soma jedwali dogo kwenye kibandiko. Utaona njia za umeme za +3.3V, +5V na +12V, na chini ya kila moja ampea zake. Kwenye kompyuta za sasa prosesa na kadi zinakula karibu umeme wao wote kwenye +12V. Tuseme chini ya +12V pameandikwa 20A. Zidisha 12 kwa 20, unapata wati 240. Hizo ndizo za kuhesabia. RX 6600 peke yake inakula wati 132, na i3-12100F ikibanwa inaweza kufika 89. Hapo ni 221, bado hujahesabu feni, madabodi (bodi kuu) wala diski. Na hizo 240 nazo ni kama kibandiko kinasema kweli. AMD wenyewe, waliobuni kadi hii, wanashauri pawa saplai ya 450W.

Mzigo ukizidi, ile 12V inashuka. Kiwango cha kawaida cha ATX, yaani kanuni za kutengenezea pawa saplai za kompyuta, kinaruhusu ishuke hadi 11.4V. Ikishuka sana chini ya hapo mashine inaweza kuzima, na mwenye mashine analaumu gemu. Hilo ni afadhali. Pawa saplai nzuri ina saketi za kinga, hivyo kukiwa na hitilafu inajizima. Ya bei ya kutupa mara nyingi haina, na inapokufa inaweza kuondoka na madabodi na kadi. Umeokoa elfu themanini, umepoteza laki sita.

Kuna ubaya mwingine. Pawa saplai hizi mara nyingi hazina waya wa pini 8 wa kadi, kwa hiyo fundi anaunga adapta kutoka plagi ya SATA, ile ya kuwashia diski. Pini 8 zimepangiwa wati 150. Plagi moja ya SATA kwenye 12V imepangiwa ampea 4.5, yaani wati 54. Zifungue hizo adapta baada ya miezi kadhaa uone: plastiki imegeuka kahawia, waya wa njano umegandamana na plagi, hata kuichomoa mpaka utumie koleo. Mtu anayekufungia hiyo ndani ya nyumba ya mbao na kukuambia "itakaa tu" anacheza na maisha ya familia yako.

Na baridi ya Mafinga haiongezi ampea hata moja. Inapunguza joto la kuanzia, basi. Hewa ya milimani nayo ni nyepesi, inabeba joto kidogo kuliko ya Dar, na kiangazi vumbi linaziba kila tundu. Weka feni mbili, moja mbele ya kuingiza hewa na moja nyuma ya kuitoa.

Kwa hela yako, nunua pawa saplai ya 500W au 550W ya kampuni inayojulikana, yenye waya wake wa pini 8 na angalau ampea 38 kwenye +12V. Alama ya 80 Plus isikutoshe peke yake: inapima ufanisi wa umeme, haipimi kinga, na kuna wanaoichapisha wenyewe kwenye kibandiko. Hela ikibana, shusha daraja la kadi. Kadi utaibadilisha baada ya miaka miwili, na pawa saplai nzuri itaisubiri kadi hiyo mpya.

Ukiona nyuma ya pawa saplai kuna swichi nyekundu, hakikisha inasoma 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115, umeme wetu unaipasua papo hapo. Na miezi ya mvua, radi zikianza, chomoa plagi ukutani. Usitegemee kuzima swichi tu.

Wale wanaouza kompyuta za gemu zilizokwisha kufungwa, picha nzuri yenye taa za rangi, "i7, kadi 4GB, 600W", waulize maswali matatu: prosesa ni ya kizazi gani, kadi ni modeli ipi kamili, na +12V ina ampea ngapi. Kadi waiwashe mbele yako kwa GPU-Z, programu ya kutambua kadi, maana kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani zijiite GTX 1050 Ti, na GPU-Z ikizitambua inaandika FAKE kwenye jina. Pawa saplai waifungulie ubavu wa kasha usome kibandiko kwa macho yako. Akikataa kufungua kwa kisingizio cha warantii, usimlipe.

Ukitumiwa kompyuta iliyofungwa kwa basi kutoka Dar, waambie wanaokutumia kadi isafiri imechomolewa, kwenye boksi lake.