Kubadilisha jina la mume hakutoshi: jibu kwa dada anayeandika maisha yake ya ndoa

Dada, umeuliza kama utakuwa salama ukiandika kitabu cha kumwaga kila kitu kuhusu mumeo wa zamani, tajiri wa mitumbwi, mradi umembadilisha jina. Hapa Mwanza nahariri miswada ya watu, na ya kuanikana huja sana. Jina peke yake halimfichi mtu.

Mama mmoja alimpa mumewe jina la kubuni, halafu akaandika mtumbwi wa kijani wenye mistari miwili ya njano, dagaa wanaoshushwa mwaloni Kirumba, na pengo la jino la mbele. Kwa ruhusa yake nikampa muuza dagaa wa pale asome aya moja tu. Alimtaja mwanamume, akamtaja na mke mdogo. Tukaondoa mtumbwi, mwalo na jino. Tulichobakiza ni usiku aliofungiwa nje, akawalaza watoto kwenye mkeka jikoni, akakesha akiwapepea mbu kwa kanga. Hapo ndipo kitabu kilipo, dada. Ukurasa ule unauma kuliko matusi yote aliyokuwa ameyapanga.

Sheria nayo iangalie. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inahesabu kuwa kashfa maandishi yanayomfanya mtu achukiwe, adharauliwe au aharibikiwe katika kazi yake. Usiseme tu "lakini ni kweli". Mtafute wakili asome kabla ya mchapaji.

Umegusia pia kwamba utamtumia ujumbe kwanza, akikulipa umtoe kitabuni. Nakuomba sana usifanye hivyo. Harriette Wilson wa London alifanya hivyo mwaka 1825 na mchapishaji wake: wanaume aliowahi kuwa nao waliandikiwa walipe pauni 200, la sivyo watajwe. Duke wa Wellington, jenerali maarufu wa Uingereza, hakulipa, akaandikwa. Vitabu viliuzika sana, ila ile ilikuwa kudai hela kwa vitisho, na hapa kwetu inakupeleka polisi wewe, si yeye.

Sura ya mtoto wa nje wa mumeo iondoe yote. Mtoto yule hajakukosea chochote, na shuleni wenzake watasoma. Ya kufungiwa mlango, ya mahari, ya mkopo uliochukuliwa kwa jina lako, hayo ni yako. Yaandike bila kupunguza neno.