Pumba za Mpunga: Mnauliza, Tunajibu

Mtaalamu, shikamoo. Nina magunia ya pumba za mpunga stoo tangu mwezi uliopita. Nikinunua mashine ya kukamulia alizeti nitapata lita ngapi? (Ifakara)

Marahaba. Swali hili haliishi, na anayeuliza hasemi kamwe pumba zilitoka mashineni lini. Mpunga ukishakobolewa tu, kimeng'enya cha lipesi hukutana na mafuta na kuanza kuyavunja papo hapo. Siku chache baadaye yameshachacha. Za mwezi mzima labda upate ya kutengenezea sabuni, si ya kukaangia samaki.

Pumba safi zina mafuta asilimia 15 hadi 20 hivi, ila lazima zipashwe moto mara zinapotoka kinuni. Mashine ya alizeti itakuachia mengi ndani ya mashudu, ndiyo maana viwanda vikubwa vya India hutumia kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuyeyushia mafuta yatoke, kiitwacho heksani. Halafu mashine zetu nyingi za mtaani hukoboa kwa mkupuo mmoja, pumba na maganda vinatoka pamoja. Chota kiganjani ufinye: pumba nzuri ni laini na hushikana. Zikikuchomachoma, umeuziwa maganda. Acha mashine kwanza, kapatane na mwenye kinu.

Hiyo heksani naweza kuitumia jikoni? (Mwanza)

Hapana. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukute moto wa jiko la jirani, ukalipuka. Asiniulize mtu tena.

Maganda nayo yana faida gani? (Mwea)

Silika, madini yale yale ya mchanga. Ndiyo sehemu kubwa ya jivu lake.

Nimesikia gama-orizanoli ya pumba inaponya lehemu (kolesteroli). Kweli? (Mombasa)

Haiponyi. Wajapani waliitenga kutoka mafuta ya pumba miaka ya 1950, na mafuta hayo yameonekana kushusha lehemu mbaya kwa kiasi. Dawa za daktari endelea nazo. Wanaokuuzia chupa ya mafuta meupe yanayong'aa hawakuambii kwamba kuyasafisha kwa kostiki (soda kali) huondoa sehemu kubwa ya hiyo orizanoli wanayoitangaza.

Na pumba za mahindi? (Kondoa)

Zina asidi feruliki, kizuia-oksidishaji, kwa wingi, lakini kwako nitauliza sumukuvu kwanza. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Ukikoboa mahindi yenye kuvu, sumu nyingi hubaki kwenye pumba, unga mweupe ukaonekana salama. Peleka sampuli ipimwe kabla ya kuota kiwanda, na usimtupie ng'ombe zilizokataliwa: sumu hiyo hutokea kwenye maziwa.