Kabla ya Kuanza Tamthilia ya Anga za Juu, Pima Jioni Zako

Likizo moja mtoto wa dada yangu alikuja kukaa nami Umoja, Nairobi, nami nikapeleka flashi kwenye duka la filamu karibu na stendi ya matatu ili nijaziwe Babylon 5, tamthilia ya kituo cha anga za juu kinachoongozwa na Sinclair. Msimu wa kwanza tuliufuata vizuri, kisha faili zikaruka hadi katikati ya msimu wa pili, na tukakuta kituo kinaongozwa na mtu tusiyemfahamu.

"Mjomba, Sinclair ameenda wapi?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa Sheridan huchukua uongozi mwanzoni mwa msimu huo, katika vipindi ambavyo muuzaji hakutuwekea. Jioni nzima tuliimaliza tukikisiakisia.

Flashi hiyohiyo ilikuwa na vipindi vya The Twilight Zone, vimechanganywa ovyo vilevile, wala hatukupoteza chochote, kwa sababu kila kisa huanza na kuisha na watu wake. Tangu hapo, anayeniuliza aanze na tamthilia gani ya kisayansi, mimi humuuliza kwanza anafika nyumbani saa ngapi na stima kwao hupotea mara ngapi.

Ikiwa unafika saa tatu usiku umechoka na foleni ya Jogoo Road, chukua visa vinavyojitegemea. Star Trek ya kwanza, ya mwaka 1966 hadi 1969, ina vipindi 79, na karibu vyote unaweza kuvitazama kwa mpangilio wowote. Ndivyo vituo vya televisheni vya Marekani vilivyotaka, maana vilirudia vipindi jinsi vilivyopenda, na mtazamaji aliyekosa wiki moja hakuwa na pa kukitafuta kile kilichompita. Wapo wanaodharau mtindo huu wakisema ni wa kitoto. Mimi naona kufungua tatizo na kulifunga ndani ya dakika hamsini ni kazi ngumu kuliko kuliburuta kwa misimu mitatu.

Hadithi moja ndefu iwekee likizo, au Jumamosi ambayo huna matanga wala harusi. Mtunzi wake, J. Michael Straczynski, aliipanga Babylon 5 kama riwaya ya miaka mitano na akaandika mwenyewe vipindi 92 kati ya 110, huku akimwekea kila mhusika mkuu njia ya kutokea endapo mwigizaji angeondoka. Neno linalosemwa leo huzaa vita misimu miwili baadaye, na ukisinzia hapo katikati, hutaelewa kwa nini watu wanalia.

Kwa nyumba yenye watazamaji wa kila aina, napendekeza zile za katikati. The X-Files ina visa vya jitu la wiki, vinavyoisha ndani ya kipindi kimoja, na, kando yake, njama ndefu ya serikali. Shangazi atatazama jitu, kijana atafuata njama. Mwaka 2022 Star Trek: Strange New Worlds nayo ilirudi kwenye visa vya kipindi kimoja kimoja, baada ya Star Trek: Discovery kushikilia hadithi ndefu tangu 2017.

Siku hizi kabla ya kulipa namwomba muuzaji afungue folda nihesabu mwenyewe. Kwa Babylon 5 nataka kuona vipindi 22 katika kila msimu.