Jibu: Ushahidi wa ndoa kwa viza ya Marekani

Salamu, dada. Umesema mlifanya kwanjula, yaani sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mume kwa wazee wa mke, huko Masaka, Uganda, mume yuko Marekani, nawe una picha za sherehe tu za kupeleka kwenye mahojiano Nairobi. Kwanza angalia cheti: Uganda ndoa ya kimila husajiliwa gombolola, yaani ofisi ya kata, na sheria inataka ndani ya miezi 6, kwa hiyo kama hamkusajili, nenda sasa. Kisha kusanya ushahidi wa maisha yenu baada ya sherehe, yaani risiti za fedha anazokutumia kwa simu, mihuri ya pasipoti ya safari zake na mazungumzo yenu tangu mwanzo. Kwenye mahojiano yangu, afisa aliziacha picha akaniuliza jina la senga (shangazi) aliyemtambulisha mume wangu kwa wazee, na shemeji gani walikuja naye.