Pasaka ya Kiyahudi huanzia jikoni

Ndugu, umeuliza kama Pesaki, yaani Pasaka ya Wayahudi, ni ibada ya sinagogi tu. Hapana, uzito wake mkubwa uko nyumbani. Majuma kabla, watu husafisha kabati, jiko, hata mifuko ya makoti, kuondoa kila kilichochachuka cha ngano, shayiri na nafaka za jamii hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 14 ya mwezi Nisani wa kalenda ya Kiyahudi, mkesha wa sikukuu, familia huzima taa na kutafuta makombo kwa mshumaa. Wengi huficha vipande 10 vya mkate makusudi ili watoto wavipate, kisha asubuhi huchomwa moto. Mkate wa sikukuu, matsa, lazima uwe umeokwa kabla dakika 18 hazijapita tangu maji yaguse unga, ili usichachuke.

Elimu nayo ina nafasi yake, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Wazaliwa wa kwanza wa kiume hufunga siku hiyo ya tarehe 14, lakini mmoja wao akihudhuria darasa linalokamilisha kitabu cha Talmudi, mkusanyo wa mafundisho na sheria za Kiyahudi, karamu ya kumaliza kusoma humfungulia.

Sinagogi huwa na sala za sikukuu, na siku ya kwanza huombwa umande. Ila usiku wa Sederi, yaani karamu ya ibada inayofungua sikukuu, ni wa mezani: vikombe 4 vya divai, mboga chungu, na mtoto mdogo ndiye anayeuliza kwa nini usiku huu ni tofauti. Nje ya Israeli wengi hufanya hivyo usiku 2 mfululizo.